Wazo la bidhaa mpya: namna ya kupima kama litatengenezeka na kama litalipa

Mjini Arua, kama kwingineko Uganda, mtu akipata wazo la bidhaa hukimbilia kununua mashine. Akishaipata, anachapisha lebo. Swali la nani atanunua, kwa bei gani, na kama kitu chenyewe kitakaa miezi kadhaa bila kuharibika, huja mwisho kabisa, mkopo ukiwa tayari unadai. Tangu fedha za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya ngazi ya parishi, zianze kufika kwenye kaya, milioni moja moja, tabia hiyo imezidi, maana milioni moja inatosha kununua kinu kidogo lakini haitoshi kukilisha.

Mwongozo huu unapindua mpangilio huo. Tafuta swali ambalo jibu lake baya litaua wazo zima, ulijibu kwa njia ya bei ndogo kuliko zote, kisha ndiyo uende kwenye swali linalofuata. Wataalamu huuita upembuzi yakinifu. Ule wa kurasa sitini unaopelekwa benki ni kitu kingine; huo huandikwa ili ukubalike. Wa kwako unauandika ili ujue ukweli, na daftari la shule linatosha.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: odii, yaani siagi ya karanga na simsim inayoliwa kaskazini yote, ikifungwa kwenye kopo kwa ajili ya wanafunzi wa bweni. Kama wewe unafikiria sabuni, jiko la makaa ya mabaki au mashine ya kupukuchua mahindi, badilisha majina. Mpangilio wa maswali haubadiliki sana.

1. Andika wazo kwa namna ambayo linaweza kushindwa

"Nataka kutengeneza odii yenye ubora" hakuna anayeweza kuipinga, na kwa sababu hiyo haipimiki. Andika hivi: "Wazazi wa Arua wenye watoto wa bweni watalipa shilingi 7,000 kwa kopo la gramu 400, odii itakaa miezi minne bila kuchacha, na duka likishachukua chake nami nitabaki na faida."

Sasa pigia mstari kila kinachoweza kuwa uongo: wazazi, 7,000, gramu 400, miezi minne, faida. Hayo ndiyo maswali yako. Kando ya kila moja andika gharama ya kupata jibu. Utaona kwamba mengine yanahitaji nauli ya boda boda tu, mengine maabara. Anza na ya boda boda.

2. Sokoni usiombe maoni

Ukimwuliza mtu kama atanunua bidhaa yako atasema ndiyo. Ni adabu tu, hasa ukiwa umemsalimia vizuri na ni mtoto wa mtaani kwao. Muulize alichokwisha kufanya. Mwezi wa pili shule zilipofungua, mtoto alipelekewa nini? Kilinunuliwa wapi, shilingi ngapi? Kilikwisha lini? Kuna kilichorudi nyumbani kimeharibika?

Kisha simama karibu na mama anayeuza odii kwenye ndoo na utazame bila kusema. Anachota kwa kijiko kikubwa, anajaza kikombe cha plastiki hadi juu, anaongeza kidogo cha kumfurahisha mteja. Mteja anachovya ncha ya kidole, anaonja, anauliza, "Mama, hii ni ya leo?" Kwenye dakika hizo chache kuna mambo ambayo hakuna fomu ya utafiti itakayokupa. Bei ya kopo lako italinganishwa na kile kikombe kilichojaa kupita kiasi. Mteja hupima ubora kwa ulimi, na kopo lililofungwa linamnyima nafasi hiyo. Na neno "ya leo" kwake lina thamani, wakati wewe unakuja kumwuzia kitu cha mwezi uliopita.

Basi kwa nini akulipe zaidi? Kama huna jibu, wazo limeishia hapa, na umepoteza asubuhi moja tu. Kwa odii ya bweni jibu linaweza kuwepo: mama wa sokoni anauza ya kula wiki hii, ila mwanafunzi anahitaji ya kumfikisha mwisho wa muhula, wiki kumi na mbili hivi. Unachouza kwa kweli ni ule muda.

Usisahau wasiokuwepo sokoni. Nenda kwa matroni wa shule mbili tatu uwaulize kinachoruhusiwa kupita mlangoni siku ya kufungua na siku ya wazazi kutembelea. Kuna shule zinazokataa chakula kilichopikwa nyumbani lakini zinapokea kilichofungwa na chenye lebo. Chupa za kioo bwenini ni mgogoro karibu kila mahali. Jibu la matroni linaamua chombo chako, na chombo kinaamua muda odii itakavyokaa, kwa sababu plastiki hupitisha hewa kidogo kidogo na kioo hakipitishi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotenganisha upembuzi wa kiufundi na wa kibiashara kama sura mbili za ripoti. Swali moja la mlangoni limegusa zote mbili.

3. Jikoni: tafuta kinachoua

Watu wengi hapa huanza na ladha. Ladha ni rahisi. Odii mbaya ni nadra. Yanayoua bidhaa hii ni manne, na nayapanga kwa uzito.

*Sumukuvu.* Karanga zilizokaushwa vibaya au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu inayotoa sumu hii, na sumu yenyewe huharibu ini. Kukaanga hupunguza sehemu tu. Hakuimalizi, maana sumu hiyo inavumilia moto. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 kwa kilo, na isizidi 5 kwa ile aina kali inayoitwa B1. Usidhani ni habari za kwenye karatasi: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na malori yakakwama mpakani.

Dawa yake inaanzia kwenye ununuzi. Nunua karanga kavu, zenye unyevu usiozidi asilimia 8 hivi; ukizitikisa ndani ya ganda zinalia, ukiivunja punje inakatika kwa mlio badala ya kupinda. Kisha chambua kwa mkono: toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zenye ukungu. Sumu hukaa kwenye punje chache zilizojaa sana, ndiyo maana kuchambua kunasaidia kiasi kikubwa, na ndiyo maana pia sampuli ya kiganja kimoja kutoka gunia moja haina maana. Chota kidogo kutoka kila gunia, juu, katikati na chini, changanya, saga, kisha ndiyo upeleke kupima.

Hili ndilo swali la kwanza la kulipia maabara. Kama karanga za eneo lako hazipiti hata baada ya kuchambuliwa, huna bidhaa, uwe na kinu kizuri namna gani.

*Kuchacha.* Karibu nusu ya uzito wa karanga na wa simsim ni mafuta. Hewa, mwanga na joto huyageuza harufu. Unataka miezi minne: mmoja dukani, mitatu ndani ya sanduku la bati, chini ya paa la mabati. Huwezi kungoja miezi minne kujua. Tumia joto kuharakisha: kwa makadirio, joto likipanda nyuzi 10 kuharibika huenda mara mbili. Ukiwa na jirani mwenye mashine ya kutotolea vifaranga, inashikilia nyuzi 37.5 usiku na mchana; mwombe kona moja ya kuweka makopo yaliyofungwa vizuri. Makopo mengine yabaki kwenye kabati la kawaida. Kila wiki fungua moja la huku na moja la kule, nusa, onja, andika. Haitakupa tarehe ya kuapa mahakamani, ila kama la kwenye joto limechacha wiki ya tatu, miezi minne ni ndoto.

Jaribu pia matumizi yenyewe. Fungua kopo, mpe kijana alitumie kwa kijiko kile kile anachotia kwenye uji, wiki tatu. Kijiko chenye maji kinaweza kuleta ukungu ambao kopo lililofungwa halikuonyesha.

*Mafuta kupanda juu.* Siku chache baada ya kujaza, mafuta yatajitenga. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kusaga laini zaidi na kuongeza mafuta ya mboga yaliyogandishwa kiwandani (hydrogenated), asilimia 1 hadi 2, ili kushikilia. Ya pili ni kuacha yalivyo na kuandika kwenye lebo "koroga kabla ya kula". Mzazi aliyekulia na odii akiona mafuta juu anajua ni halisi. Mteja wa supamaketi ya Kampala anaona kitu kilichoharibika. Kwa wanunuzi wa bweni mimi ningeacha yalivyo, ila ningehakikisha kifuniko hakivuji: geuza kopo kichwa chini usiku mzima juu ya karatasi nyeupe. Kopo linalotia mafuta kwenye sanduku la nguo za shule halinunuliwi mara ya pili.

*Vyuma.* Sahani za kinu cha chuma husagika zenyewe na kuacha unga mweusi. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye mfuko safi wa plastiki, ipitishe ndani ya odii iliyotoka kinuni. Kitakachoganda juu yake ndicho watoto wangekula. Rudia kinu kingine kabla ya kuamua usagie wapi.

4. Pima mikono, siyo mashine tu

Tengeneza kilo 10 kwenye kinu cha kukodi huku umeshika saa. Andika uzito kila hatua: ulizonunua, zilizobaki baada ya kuchambua, baada ya kukaanga na kutoa maganda, odii iliyotoka, na iliyonata kinuni. Wengi hushtuka kuona kilo 100 za malighafi zinatoa 85 hivi.

Kisha tazama ni wapi kazi inakwama. Kwa odii si kwenye kusaga, ni kwenye kuchambua. Tuseme mtu mmoja anachambua kilo 5 kwa saa, na mwezi mmoja unahitaji kilo 330 za karanga. Hizo ni saa 66, zaidi ya siku nane za kazi, kabla moto haujawashwa. Kinu kikubwa hakitakupunguzia hata saa moja hapo.

Kuhusu umeme: kabla ya kutamani mashine, uliza kama nyumba uliyopanga ina fezi moja au tatu. Mota kubwa za vinu nyingi ni za fezi tatu, na kuvutiwa laini hiyo kunaweza kuwa gharama kuliko kinu chenyewe.

5. Hesabu ya kopo moja

Bei za hapa chini ni za mfano. Weka za soko lako la wiki hii.

Karanga kilo 70 kwa 6,000 ni 420,000. Simsim kilo 30 kwa 7,000 ni 210,000. Jumla 630,000, inayotoa kilo 85 za odii. Kilo moja imekugharimu 7,412, na kopo la gramu 400 lina malighafi ya 2,965.

Ongeza:
- kopo, kifuniko na lebo: 900
- mikono ya kuchambua, kukaanga na kujaza: 350
- kusaga na makaa: 250
- usafiri: 200

Umefika 4,665. Weka asilimia 3 ya makopo yatakayovuja, kurudishwa au kuonjwa na kila mgeni anayepita, inakuwa 4,805.

Dukani linauzwa 7,000. Mwenye duka anataka asilimia 20 ya bei hiyo, 1,400, hivyo mkononi mwako inafika 5,600. Umebaki na 795.

Hapo ndipo watu hushangilia. Bado kodi ya chumba 300,000, mshahara wa msaidizi mmoja wa kudumu 350,000, na leseni, maji, muda wa maongezi na mengineyo 145,000 kwa mwezi. Jumla 795,000. Gawa kwa 795: unahitaji kuuza makopo 1,000 kila mwezi ili usipate hasara, na mpaka hapo wewe mwenyewe hujajilipa hata shilingi.

Sasa itikise. Karanga hupanda bei kadiri mavuno yanavyosahaulika. Zikifika 7,500, kopo moja linaongezeka karibu 500, na ule ubakizo wa 795 unashuka hadi 300 hivi. Makopo ya kukufikisha kwenye sifuri yanaruka kutoka 1,000 hadi zaidi ya 2,600. Kwa hiyo mtaji wako mkubwa si kinu, ni karanga za kununua wakati wa mavuno na mahali pakavu pa kuziweka, na hapo tunarudi kwenye sumukuvu. Mtu asiyeweza kuweka akiba ya karanga kavu asifanye biashara hii kwa bei moja ya mwaka mzima.

Mauzo nayo hayako sawa. Mwaka wa shule una mihula mitatu, inayofunguliwa takriban Februari, Mei na Septemba. Utauza kwa fujo wiki mbili za kila ufunguzi, kiasi siku za kutembelea, na karibu hakuna Desemba. Panga hesabu kwa mwaka mzima, usizidishe mwezi mzuri mara kumi na mbili.

6. Fedha inarudi lini?

Faida kwenye daftari hailipi mchuuzi wa karanga. Duka la mtaani linaweza kukulipa likishauza. Supamaketi hulipa baada ya wiki nyingi, na hutaka bakodi na risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi. Uchumi ilipofunga maduka yake ya Uganda mwaka 2015 iliacha wasambazaji wakidai, na waliokuwa wamepeleka mzigo wote huko waliumia. Kwa mzalishaji mdogo ningeanza na maduka yaliyo karibu na shule, yanayolipa taslimu hata kama yanataka punguzo kidogo.

7. Sheria

Chakula cha kufungwa kinahitaji alama ya Q ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS. Makao yake yako Bweyogerere na kanda ya kaskazini ina ofisi Gulu. Wanakagua mahali unapotengenezea, wanachukua sampuli, wanapima. Nenda uwaone *kabla* ya kupanga chumba, ukawaulize wanachotaka kuhusu sakafu, maji, dari na choo. Chumba cha bei nafuu kisichoweza kupita ukaguzi ni ghali. Nunua nakala ya kiwango cha bidhaa yako uisome mwenyewe, maana ndani yake mna orodha ya kila kitakachopimwa. Alama hiyo inatambuliwa pia katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, jambo la maana kwa mtu wa Arua anayetazama Kongo na Sudan Kusini. Lakini usiweke soko la ng'ambo kwenye hesabu ya mwaka wa kwanza. Barabara na mpaka vina ratiba yao.

Jina la biashara na nembo husajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Tafuta kwanza kama jina limeshachukuliwa. Hataza (patent) ya odii sahau. Hakuna jipya hapo la kulinda, fedha hiyo nunulia makopo.

Kama umewaza pakiti ndogo za shilingi 1,000, kumbuka waragi wa viroba. Viwanda vilikuwa na mashine za kufungia viroba hivyo, serikali ikavipiga marufuku mwaka 2019, na mashine zikabaki. Odii si pombe, lakini plastiki nyepesi inaandamwa na sheria tangu kavera, yaani mifuko ya plastiki, ilipopigwa marufuku kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Mashine inayofanya kifungashio cha aina moja tu ni hatari ya ziada. Iandike kwenye daftari.

8. Uza kidogo, kwa fedha taslimu

Bado huna alama ya Q, kwa hiyo usipeleke madukani. Tengeneza makopo 50 kwa karanga zilizopimwa, katika jiko safi, uwauzie wazazi unaowajua, ukiwaeleza kwamba ni ya majaribio. Usigawe bure wala usikopeshe. Mtu akipewa bure atasifu, na wa mkopo naye atasifu ili asidaiwe. Chukua fedha mkononi.

Wauzie nusu yao kwa 7,000, bei uliyoandika kwenye hatua ya kwanza, na nusu kwa 6,000, makundi yasiyojuana. Ukiona wa 7,000 wananunua sawa na wenzao, umepata jibu ambalo usingelipata kwa maswali. Halafu ngoja. Namba ya maana ni ya wanaopiga simu wenyewe kuulizia kopo la pili. Fuatilia pia makopo yaliyorudi nyumbani likizo: yaliyobaki nusu yanasema ama ni makubwa mno, ama mtoto hakuipenda, ama ilichacha. Fungua unuse.

9. Weka mipaka kabla ya matokeo

Hili lifanywe kabla ya jaribio, kwa kalamu, mbele ya shahidi asiye ndugu yako. Kwa mfano: sumukuvu ikizidi 10 mara mbili mfululizo, naacha au nabadilisha chanzo cha karanga. Kati ya wazazi 50, wakiomba kopo la pili chini ya 15, naacha. Ubakizo kwa kopo ukiwa chini ya 500 kwa bei ya karanga ya miezi ya njaa, napandisha bei au naacha. Mipaka ikiwekwa baada ya matokeo hujinyoosha kumfurahisha mwenye wazo.

Jibu linaweza lisiwe ndiyo wala hapana. Huenda kopo limekataa lakini umegundua kwamba mama wa sokoni angenunua karanga zilizochambuliwa na kupimwa, kwa kilo, bila kopo wala lebo. Hiyo ni bidhaa nyingine. Irudishe hatua ya kwanza.

Na kama kila mpaka umepita, bado usinunue kinu. Kodi saa za kinu cha mtu mwingine, kile kilichofaulu jaribio la sumaku, muhula mmoja mzima. Kitu kutengenezeka mara moja na kitu kutengenezwa kila siku kwa bei ya kulipa ni safari mbili: gari la umeme la Makerere, Kiira EV, lilitembea mwaka 2011, basi la Kayoola likaonyeshwa 2016, na kiwanda cha Jinja kikaja baada ya miaka mingine ya kujenga, kwa mfuko wa serikali. Wewe huna mfuko huo. Siku utakapokuwa unakosa nafasi kwenye kinu cha kukodi huku oda zimelipiwa, hapo ndipo uulize bei ya cha kwako, na uulize pia sahani zake za akiba zinapatikana wapi.